Uchungu Ambao Ulimi Wangu Hauujui

Mdogo wangu wa kike alikuwa wa kwanza kuitoa karatasi mdomoni, na hakuitoa kwa utulivu.

Tulikuwa watatu mezani: mama, yeye na mimi. Nilikuwa nimempa kila mmoja kipande cha karatasi nyeupe, chembamba na kifupi kuliko kidole, kilichochovywa katika myeyusho hafifu sana wa fenilithiokabamidi, kemikali ambayo wanasayansi huiita kwa kifupi PTC, kisha kikakaushwa. Tulikubaliana kuviweka ulimini kwa pamoja na kukaa kimya hadi nihesabu kumi. Sikufika nne. Aliinuka, akakimbilia maji, akasukutua mara tatu, na aliporudi macho yake yalikuwa yamelowa.

Mimi niliendelea kumumunya karatasi yangu. Ilikuwa na ladha ya karatasi.

Nikamgeukia mama. Alikuwa ametulia, kipande chake kikiwa bado ulimini, akinitazama kama mtu anayesubiri jaribio lianze.

"Bado, mwanangu?" akaniuliza.

Jaribio lilikuwa limekwisha.

Wiki kadhaa zimepita tangu jioni ile na sijaweza kuiacha. Kinachonirudisha pale mezani ni mtu wa nne, ambaye hakuwepo. Kwa miaka yote ya utoto wetu, mboga za jamii ya kabichi zilipoandaliwa, walikuwapo wawili waliozikwepa: mdogo wangu na marehemu baba. Mdogo wangu aliambiwa kwamba anadeka, na miongoni mwa waliomwambia hivyo nilikuwamo mimi, kila mara, kwa sauti ya kaka mkubwa anayejua. Baba alikuwa na desturi ya kunyunyiza chumvi juu ya mboga zile kabla hata hajazionja. Mama aliliona tendo hilo kuwa hukumu dhidi ya mikono yake, na maneno aliyomwambia kwa ajili hiyo sisi tuliyasikia kupitia ukutani.

Baba hakuwahi kujitetea kwa zaidi ya neno moja. Alisema, "Ni chungu." Hakuna aliyemwamini.

Vumbi la maabara

Habari za PTC zilianza kwa mabishano yanayofanana sana na ya kwetu. Mwaka 1931, Arthur Fox, mkemia wa kampuni ya DuPont nchini Marekani, alikuwa akihamisha unga wa kemikali hiyo chombo kimoja hadi kingine, baadhi yake ukapeperuka hewani. Mwenzake, C. R. Noller, akalalamika kwamba vumbi lile lilikuwa chungu mno. Fox, aliyekuwa karibu zaidi na chombo na ambaye bila shaka alivuta vumbi jingi zaidi, hakuhisi chochote.

Wangeweza kuishia pale, kila mmoja akibaki na imani kwamba mwenzake anatia chumvi maneno. Badala yake waliionja kemikali wenyewe, wakabadilishana zamu, kisha Fox akawaonjesha watu wengine wengi. Akakuta kwamba wanadamu wanagawanyika: wapo wanaoiona PTC kuwa chungu isiyovumilika, na wapo wanaoiona kama chokaa au mchanga, bila kujali umri, jinsia wala asili. Muda mfupi baadaye Laurence Snyder na Albert Blakeslee, kila mmoja kwa uchunguzi wake wa familia, walionyesha kwamba kutoonja ni sifa fiche ya kurithi, yaani hujitokeza pale mtoto anapoipokea kwa wazazi wote wawili.

Nimelisoma tukio hili mara nyingi, na kila mara nasimama mahali pale pale: pale Fox alipoamua kwamba huenda Noller anasema kweli. Sisi tulikula meza moja kwa miaka mingi na uamuzi huo haukutujia.

Herufi tatu

Jeni yenyewe ilipatikana mwaka 2003, miaka 72 baada ya vumbi lile, na kundi la watafiti lililowajumuisha Un-kyung Kim na Dennis Drayna. Iko katika kromosomu ya 7 na inaitwa TAS2R38. Ni jeni fupi, na protini inayotengenezwa kwa maelekezo yake ina asidi amino 333, yaani viungo vidogo vilivyoungana kama shanga katika uzi. Protini hiyo ni kipokezi, yaani kitasa kilichopachikwa kwenye utando wa seli za ladha ulimini. Molekuli inayolingana nacho inapokikalia, seli huachia kalsiamu iliyokuwa imehifadhiwa ndani yake, milango ya ioni hufunguka, na ishara hufika kwenye neva, kisha kwenye ubongo, ambao huiita chungu.

Binadamu ana takriban vipokezi 25 vya namna hii kwa ajili ya uchungu peke yake. Jambo hili lilinifariji kidogo, maana baada ya jioni ile nilianza kujiona kama mtu mwenye ulimi mbovu. Nikionja kwinini, nahisi uchungu wake sawasawa na mtu mwingine yeyote, kwa sababu kwinini hushika vitasa vingine. Kitasa kimoja tu ndicho kilichonigeuzia kisogo.

Tofauti baina yangu na mdogo wangu iko katika nafasi tatu kati ya zile 333: ya 49, ya 262 na ya 296. Wenye nakala inayoonja wana prolini, alanini na valini katika nafasi hizo, kwa hiyo nakala hiyo huitwa PAV. Wenye nakala isiyoonja wana alanini, valini na isolusini, nayo huitwa AVI. Katika majaribio ya seli maabarani, kipokezi cha PAV huitikia PTC kwa nguvu, ilhali kile cha AVI hakiitikii. Kitasa kipo, kimejengwa, kimepachikwa mahali pake, lakini ufunguo haukigeuzi.

PTC haimo katika chakula. Hata hivyo, sehemu ya molekuli yake ambamo naitrojeni, kaboni na salfa zimeshikana kwa namna ya pekee inapatikana pia katika baadhi ya kemikali zitokanazo na glukosinoleti, ambazo mimea ya jamii ya kabichi hujihifadhia dhidi ya wadudu na walaji wengine. Baadhi ya kemikali hizo, zikiliwa kwa wingi, huizuia tezi ya shingo kutumia madini ya joto ipasavyo. Kwa hiyo ulimi unaozikataa una hoja, na hoja hiyo ni ya zamani kuliko sisi sote.

Hesabu ya mtu asiyekuwepo

Jambo hili sikuliona jioni ile. Nililiona siku tatu baadaye, nikiwa nimelala macho.

Kila mtu ana nakala mbili za TAS2R38, moja kwa mama na moja kwa baba. Mama haonji PTC, kwa hiyo nakala zake zote mbili ni AVI, na hana nyingine ya kumpa mtoto. Mdogo wangu anaonja, kwa hiyo lazima ana PAV. Hakuipata kwa mama. Aliipata kwa baba.

Mimi nami sionji, kwa hiyo nina AVI mbili. Moja nimeipata kwa mama, na ya pili pia nimeipata kwa baba.

Baba, basi, alikuwa na zote mbili. Nakala inayoonja alimpa mdogo wangu, na nakala isiyoonja akanipa mimi.

Niliamka nikakaa kitandani. Mtu ambaye hakuwahi kupimwa chochote cha namna hii, ambaye hatunaye tena, alikuwa amejulikana kwa usahihi wa herufi tatu kwa sababu watoto wake wawili walimumunya karatasi. Nilikumbuka kwamba mwaka 2009 Carles Lalueza-Fox na wenzake walitoa vinasaba katika mfupa wa Neanderthali, binadamu wa kale waliokwisha kutoweka, kutoka pango la El Sidrón, kaskazini mwa Hispania, mfupa wenye zaidi ya miaka 40,000, wakaichunguza nafasi ya 49 ya jeni hii hii. Yule wa El Sidrón alikuwa na nakala mchanganyiko, moja ya kila aina. Nilipoisoma habari hiyo kwa mara ya kwanza niliiona kuwa ya kuvutia tu. Usiku ule niliisoma upya na sikuweza kuiona hivyo. Mtu yule alikuwa na mdomo, alikuwa na watu aliokula nao, na huenda alikuwa na kitu ambacho yeye alikiona chungu na wenzake wakakishangaa.

Nilitaka kumpigia mama simu saa ile ile. Nilitaka kumwambia kwamba baba alikuwa anasema kweli.

Nashukuru kwamba sikupiga.

Mahali ambapo hesabu inalegea

Asubuhi nilianza kuichunguza hesabu yangu kama ambavyo ningeichunguza ya mtu mwingine, na nikakuta kwamba nilikuwa nimeifunga haraka mno.

Kwanza, karatasi haisomi jeni. Inasoma jibu la mtu, na jibu hilo halilingani na jeni kikamilifu. Tangu siku za Snyder na Blakeslee zimekuwapo familia chache ambamo wazazi wote wawili wanasema hawaonji na mtoto anaonja, na ndiyo maana kipimo hiki, ambacho zamani kilitumika kusaidia katika mashauri ya kutambua baba wa mtoto, hakikustahili kuaminiwa kwa jukumu zito kiasi hicho. Pili, PAV na AVI ni nakala mbili zilizoenea zaidi, lakini haziko peke yake. Ipo AAI, inayopatikana zaidi katika jamii za Afrika, na wenye nakala hiyo mara nyingi huonja kwa kiwango cha katikati. Mimi nilikuwa nimehesabu kana kwamba ulimwengu una rangi mbili.

Hayo nilikuwa tayari kuyavumilia. Uwezekano mkubwa bado uko upande wa hesabu yangu. Shaka iliyoniumiza ni ya tatu.

Mwenye nakala mchanganyiko hana kiwango kimoja cha kuonja. Katika kundi hilo ndimo tofauti kubwa zaidi baina ya mtu na mtu zinamoonekana: mmoja huona PTC kuwa chungu sana, mwingine huihisi kwa mbali. Utafiti uliopima seli za ladha zenyewe umeonyesha kwamba sehemu ya tofauti hiyo inatokana na kiasi ambacho nakala ya PAV inatumika katika ulimi wa mtu husika, yaani ni nakala ngapi za maelekezo yake zinanakiliwa ili kujenga vipokezi. Umri nao unaingia. Julie Mennella na wenzake walionyesha mwaka 2005 kwamba watoto wenye nakala mchanganyiko huhisi uchungu wa propilithiourasili, ndugu wa karibu wa PTC, katika viwango vidogo ambavyo watu wazima wenye nakala hizo hizo hawavihisi.

Maana yake ni kwamba mdogo wangu, alipokuwa mtoto aliyeambiwa anadeka, huenda alikuwa anapitia jambo kali kuliko lile lililomfanya akimbilie maji mbele yetu akiwa mtu mzima. Sijui niseme nini juu ya hilo zaidi ya kwamba nimemwomba radhi, naye akacheka kwa namna ambayo haikunipunguzia kitu.

Na maana yake kwa baba ni kwamba naweza kujua alikuwa na kitasa gani, lakini siwezi kujua kilikuwa kinalia kwa sauti gani.

Chumvi

Nimeifikiria sana ile chumvi.

Mwaka 1997 Paul Breslin na Gary Beauchamp walieleza kwamba sodiamu hupunguza uchungu, na kwamba uchungu ukipungua, ladha nyingine zilizokuwa zimefunikwa hujitokeza. Walichanganya kitu chungu na kitu kitamu, wakaongeza chumvi ya sodiamu, na utamu ukapanda kwa sababu kilichokuwa kimeukandamiza kilikuwa kimelegezwa. Wapishi walilijua hili kwa mikono yao kabla ya maabara kulijua kwa vipimo.

Baba hakuwa mtu wa chumvi nyingi. Hilo ndilo linalonishika. Vyakula vingine alivila jinsi vilivyopikwa, na kwa mboga za jamii ile tu ndipo mkono wake ulipokwenda kwenye kibakuli. Mtu anayeamua kabla ya kuonja huonekana mwenye dharau. Lakini mtu ambaye amekwisha kuonja mara mia na anajua kinachomngoja hana sababu ya kuonja mara ya mia na moja. Sasa nauona mkono ule kama mkono wa mtu anayejitahidi kula alichopikiwa.

Hata hivyo lazima niwe mkweli. Wapo wengi wenye PAV mbili wanaokula mboga hizo kwa furaha, na wapo wengi wenye AVI mbili wanaozichukia. Harufu, mazoea, mapishi, njaa na kumbukumbu vyote viko pale mezani pamoja na jeni. Kuhisi uchungu na kuchukia chakula ni mambo mawili, na daraja kati yao ni refu kuliko linavyoonekana. Sina kipimo chochote kinachoweza kunithibitishia kwamba chumvi ya baba ilitoka kwenye kromosomu ya 7. Nina kilichobaki tu: neno lake, "Ni chungu", na ushahidi mpya kwamba neno hilo lingeweza kuwa kweli.

Sokwe, na swali la kwa nini tupo

Mama aliniuliza kwa nini Mungu aumbe watu wasioonja sumu. Ni swali zuri na limewashughulisha wakubwa. Mwaka 1939 Ronald Fisher, Edmund Ford na Julian Huxley waliwaonjesha sokwe PTC iliyotiwa katika maji ya sukari, wakakuta kwamba miongoni mwao pia wamo wanaoonja na wasioonja. Walidhani mgawanyiko huu ni mmoja, uliorithiwa na sokwe na binadamu kutoka kwa mababu wa pamoja, na umehifadhiwa kwa sababu una faida iliyofichika. Stephen Wooding na wenzake walipoisoma jeni ya sokwe na kutoa matokeo mwaka 2006, walikuta kwamba sokwe wasioonja hawaonji kwa sababu nyingine kabisa: herufi inayoanzisha maelekezo imeharibika, protini kamili haijengwi. Viumbe wawili walifika mahali pamoja kwa njia mbili.

Kipokezi hiki pia hakiishi ulimini peke yake. Mwaka 2012 Robert Lee, Noam Cohen na wenzao walionyesha kwamba kimo katika seli za njia ya hewa puani, ambako cha PAV hutambua kemikali ambazo baadhi ya bakteria huzitumia kuwasiliana, na kuamsha ulinzi wa mwili. Kwa hiyo nakala yangu inanipunguzia kitu hata pale ambapo sionji. Kama inanipa kitu badala yake, mathalani kutambua sumu nyingine ambayo PAV haioni, hilo limependekezwa lakini bado halijathibitishwa. Nilimweleza mama hivyo. Hakuridhika, nami sikumlaumu.

Neno moja kwa mambo mawili

Lugha yetu ina neno moja, uchungu, kwa dawa ya kwinini na kwa mama anayejifungua. Nimekuwa nikiligeuza neno hili kichwani. Mwanamke akisema ana uchungu wa uzazi, mwanamume ambaye hataupata kamwe humwamini na kukimbia kutafuta msaada. Mtoto akisema mboga ina uchungu, yule yule mwanamume humwambia ale.

Linda Bartoshuk, mwanasaikolojia wa Marekani aliyetumia maisha yake ya utafiti katika ladha, aliliona tatizo hili kwa ukali kuliko wengi. Ukimwomba mtu aseme uchungu ni "hafifu", "wa kati" au "mkali sana", mkali sana wake unapimwa kwa kilele cha maisha yake mwenyewe, na kilele hicho hakilingani na cha jirani yake. Watu wawili wanaweza kutumia neno moja kwa mambo yaliyo mbali kabisa. Njia aliyoitumia ilikuwa kuwaomba watu walinganishe ladha na kitu kisichohusiana na ladha, kama ukubwa wa sauti au mwangaza. Haifuti tatizo, ila inalipunguza, maana hakuna sababu ya kudhani kwamba wanaoonja PTC wana masikio makali kuliko wasioonja.

Nilimwomba mdogo wangu ajaribu. Akafikiri kwa muda. Akasema ile karatasi ilikuwa kama taa ya gari inayokumulika usoni ukitoka gizani.

Na zile mboga, utotoni?

"Taa ile ile, kaka," akasema. "Ila mbali kidogo, na huruhusiwi kufumba macho."

Kipande kilichobaki

Hatimaye nilimweleza mama juu ya baba. Nilimweleza hesabu yote, kisha nikamweleza shaka zote, kwa mpangilio huo, na nilijitahidi shaka zisisikike kama kiambatisho. Nilimwambia kwamba karibu hakika baba alikuwa na uwezo wa kuonja kitu ambacho yeye na mimi hatuwezi, kwamba hatutajua kamwe alikionja kwa nguvu gani, na kwamba chumvi ile inaweza kuwa na maelezo mengine.

Alisikiliza akiwa ameikunja mikono juu ya meza. Hakulia, na hakusema kitu juu ya maneno yale ya ukutani. Aliuliza kama zimebaki karatasi nyingine.

Kilikuwa kimebaki kipande kimoja. Nikamwambia kwamba matokeo hayatabadilika, kwamba ulimi wake una AVI mbili na utakuwa nazo daima. Akasema anajua, nimekwisha kumweleza. Akanyoosha mkono, nikampa.

Akaiweka ulimini na kufumba macho. Safari hii hakuniuliza kama bado. Mdogo wangu alikuwa amesimama mlangoni na glasi ya maji mkononi kwa mazoea, ingawa hakuna aliyekuwa akiihitaji. Sikuhesabu. Ilipita dakika moja, pengine mbili, na mama bado alikuwa akiimumunya ile karatasi polepole, upande mmoja wa mdomo kisha upande wa pili, akiitafuta.